Zamu ya mfongo: siku saba za Desemba, Kidia

Ijumaa, 20 Desemba

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis imejaa kana kwamba jiji zima limepewa notisi ya kuhama. Madumu ya mafuta, magunia ya mchele, televisheni iliyoviringishwa blanketi. Mama mmoja amepakata keki ya ngazi mbili na anasema ataipakata hivyo hivyo mpaka Moshi, zaidi ya kilomita 500. Ule utani wa kila mwaka, kwamba Wachagga wakishaondoka Dar hata foleni inakwisha, nimeusikia mara nne kabla basi halijaondoka.

Niandike kwanza kwa nini nimenunua daftari hili. Mimi ni katibu wa kwaya. Majilio ya mwaka huu, Jumapili zote tatu zilizopita, mchungaji alipokuwa akiwasha mshumaa na kutuambia huu ni wakati wa kungoja, mimi nilikuwa benchi la nyuma nikipiga hesabu ya nani hajalipia sare. Kuna video ya kurekodi. Kuna sherehe ya kufunga mwaka. Kuna harusi za wanakwaya tatu, kila moja na kundi lake la WhatsApp. Tangu Novemba sijasali sala ndefu kuliko ya chakula. Ni jambo la ajabu kidogo: hakuna mtu mwenye kelele mwezi huu kumshinda mtu wa kanisani.

Kwa hiyo nimejipangia. Nusu saa kila asubuhi, Luka sura ya kwanza na ya pili, polepole, na kuandika humu nilichosikia.

Nimeanza kwenye basi, na Marko 6:31 badala ya Luka, kwa sababu nilitaka kujipa moyo: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Sikufika mwisho wa mstari. Kabla ya Kibaha alisimama mhubiri katikati ya basi, akafuata muuza dawa ya meno na minyoo (dawa hiyo hiyo moja), kisha konda akafungulia runinga vichekesho kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikafunga Biblia. Mwenzangu wa kiti akaniuliza kama nami ni mhubiri, nikamwambia hapana, akaonekana amefarijika.

Korogwe tumekula chipsi kwa dakika kumi na tano, konda anapiga honi kabla chumvi haijafika mezani. Milima ya Usambara kulia, mkonge kushoto, kisha Upare. Kabla ya Same tairi la nyuma likapasuka. Wote tukashuka. Watu wakajibanza kwenye kivuli cha migunga, wanaume wakasimama kumzunguka fundi na kumshauri kama kawaida, na halafu, sijui ilikuwaje, ushauri ukaisha. Upepo wa Same una sauti yake, mkavu, kama mtu anayepepeta mahindi mbali. Kwa dakika kumi hivi hakuna aliyesema kitu. Yule mama wa keki alikuwa amefumba macho. Nilitaka kulitoa daftari, nikaona aibu kuandika kuhusu utulivu wakati ndiyo kwanza umekuja.

Kisha mtu akawasha spika.

Kiboriloni nimeshuka saa mbili usiku. Noah ya kupanda Kidia, kijijini kwetu Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, ilikuwa na watu kumi na moja na kuku mmoja.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimehesabu viatu mlangoni: jozi 23. Nyumba ya mama ina vyumba vinne.

Nimelala sebuleni na wapwa sita. Nusu saa yangu ya asubuhi ilianza saa kumi na moja na nusu na kuisha saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu, mmoja wao alipoamka akaniuliza nasoma nini, mwenzake akaamka kumjibu, wa tatu akatafuta chaja. Nikatoka nikaelekea kwenye kaburi la baba, pale kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba. Nilikuwa nimelipangia hilo tangu Dar, kukaa pale na kahawa, mimi na yeye. Nikakuta mke wa kaka yangu ameanika kanga tano na suruali za watoto juu ya vigae vya kaburi. "Hapa jua linawahi, shemeji," akasema. Ni kweli, jua linawahi pale.

Mchana mtori, jioni machalari. Leo sina zaidi.

Jumapili, 22 Desemba, Majilio ya nne

Kanisa la Kidia kwa wanaokuja Desemba ni kama kurudi shule uliyosoma: unakuta benchi lako, limepungua urefu. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walianzia Machame, kisha wakaja huku Old Moshi. Bruno Gutmann, mmisionari wa misheni hiyo hiyo, alikaa hapa miaka mingi, mpaka 1938, akiandika mila za Wachagga kwa bidii ambayo wazee walikuwa wakiisimulia kwa kucheka: mzungu aliyeuliza mpaka jina la kila kamba. Naambiwa alipenda ujirani na ukoo. Basi angefurahi leo. Ukoo wote ulikuwapo, na magari yake.

Vitambaa vya zambarau madhabahuni, mshumaa wa nne, na matangazo. Ndoa za tarehe 26, za 27, za 28. Harambee ya paa. Wageni wa Dar wasimame. Wageni wa Arusha wasimame. Waliotoka nje ya nchi wasimame (makofi). Nilijikuta nikimwonea wivu Zakaria, ambaye kwa kutoamini tu alifungwa mdomo mpaka mtoto alipopewa jina. Injili inalieleza kama adhabu. Mimi nililiona kama likizo.

Baada ya ibada, mnada. Jogoo aliyetolewa sadaka alipandishwa na kaka yangu mkubwa na bwana mmoja kutoka Arusha mpaka akafika bei ya mbuzi. Kaka akamshinda, akamtwaa jogoo wake kwapani kama kombe. Nilipokuwa nacheka, mkono ukanigusa begani: mwalimu wa kwaya. "Wewe si besi?" Nimekimbia kwaya ya Dar kilomita mia tano, nimefanya mazoezi ya kwaya Kidia saa mbili.

Jioni nikasema nitembee peke yangu. Miguu ikanipeleka kwenye mti ule ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimetafuta mahali pa kimya siku tatu, na pale palikuwa kimya kweli, lakini si kimya cha kupumzikia. Nilivua kofia, nikasimama, sikupata la kusema kwa Mungu wala kwa Meli. Nimerudi polepole, na bado nafikiri kwamba watu walionifundisha "Usiku Mtakatifu" na watu walioshika ile kamba walikuja kwa meli za nchi moja. Mama anasema nisimalize sikukuu na mambo hayo. Nimeyaandika tu.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku nzima ni mbuzi. Nani ananunua, wa kuchomwa ndafu ni yupi na wa supu ni yupi, nani alichangia na nani alituma tu emoji. Kikao cha ukoo saa nane kilianza saa kumi.

Katikati ya kikao akaingia mzee wa mfongo. Kwa asiye wa huku: mfongo ni mfereji wa maji, unachepushwa kutoka kwenye kijito juu karibu na msitu, unazunguka mgongo wa kilima na kushuka kwenye vihamba. Ipo mingi mlimani, na ilikuwapo kabla ya mzungu yeyote kuiona theluji ya Kibo. Kila mfongo una wenyewe, una mkutano wake, una faini kwa asiyekwenda kuuzibua, na una zamu. Vuli mwaka huu imekuwa chache, migomba ya mama imekunja majani, kwa hiyo maji yana thamani.

Mzee hakukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake. "Maji ya kwenu ni usiku wa leo, saa sita mpaka kunakucha. Nani analala mfongoni?"

Hapo ndipo nilipoisikia nyumba ile ikinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kaka akashika mgongo. Shemeji akatazama simu. Mwaka jana, nasikia, walimlipa kijana shilingi elfu kumi, akalala, maji yakaenda kwa jirani usiku kucha na migomba ya jirani ikanenepa mpaka Pasaka. Nikasema nitakwenda mimi. Mama akanitazama kwa muda kidogo. Sikuelewa mtazamo ule.

Usiku wa kuamkia Jumanne, 24 Desemba

Naandika haya saa nne asubuhi, mikono bado ina tope kwenye kucha.

Nilibeba jembe, tochi, gambuti za marehemu baba (zimenibana), blanketi, chupa ya chai ya tangawizi na Biblia ndogo. Simu niliiacha kwenye chaji. Mzee alinisindikiza mpaka pale mfongo mkuu unapogawanyika. Tukaziba upande mmoja kwa kipande cha mgomba, mawe mawili makubwa, majani, na tope la kuzibia matundu, tope likipigwa kwa kiganja kama unavyopiga chapati. Maji yakasita, yakajaa, yakageuka, yakaanza kwenda kwetu.

Kabla hajaondoka akanizimia tochi. "Usikae unayatazama. Gizani hayaonekani, utachoka bure. Sikiliza." Akanyamaza ili niyasikie. "Yakienda kwenu yanasema hivyo. Wakiyakata huko juu, utasikia yamebadilika kabla hujaona." Akaniachia na giza.

Saa ya kwanza sikusali. Nisidanganye. Kichwa changu kilikuwa stendi ya Mbezi. Soprano wawili hawajalipia sare. Nimemjibu bwana harusi wa tarehe 28? Jogoo yule atachinjwa na nani? Kila nilipopelekwa na mawazo, nilikuwa sisikii maji, na kila niliposhtuka kwamba sisikii maji, nilirudi. Hivyo tu. Kwenda na kurudi, pengine mara mia. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Perere, mnyama mdogo wa mitini, alilia msituni, sauti ile mbaya ya kukwaruza inayoanza taratibu na kuishia kama mtu anakabwa; utotoni tulikuwa tukijifunika shuka kichwani. Baada ya saa saba, nusu mwezi ukatoka nyuma ya mgongo wa kilima na nikaona kwamba mkono wangu wa kushoto umeushika mpini wa jembe kama fimbo ya mchungaji wa mchezo wa Krismasi wa watoto. Nikacheka peke yangu.

Kama saa nane yakabadilika. Ni kitu kidogo sana: kama mtu anayezungumza chumba cha pili akigeuka upande. Nikanyanyuka na jembe, nikapanda hatua kama hamsini. Kijana wa miaka kumi na mitano hivi, kaptula ya shule, ameinama anatoa jiwe. Tochi ilipompiga usoni akasimama wima na mikono ikichuruzika.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Nini kingine ungesema? "Rudisha jiwe."

Akalirudisha, na akalizibia vizuri kuliko nilivyoziba mimi. Kisha akaniambia kwamba kwao maharage yanakauka na zamu yao ni Ijumaa. Nikamwonyesha mahali ambapo maji huvuja kando hata ufanye nini, nikamwambia yale yanayovuja si yetu. Akachimba kijifereji kwa kisigino, akaondoka. Labda sikutakiwa. Mzee akijua nitatozwa faini, na nitailipa.

Nikarudi kukaa. Na sasa kichwa kilikuwa kimechoka kwenda stendi. Niliwasha tochi nikafungua Luka 2, mistari ninayoijua kwa moyo, niliyoisoma kwa sauti ya katibu kila Krismasi, mikrofoni mkononi: "Na katika nchi ile ile walikuwako wachungaji wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku."

Kwa zamu.

Sijui nimeyarukaje maneno hayo mawili miaka yote hii. Kwa zamu maana yake wengine walikuwa wamelala. Kulikuwa na mchungaji fulani aliyelinda kuanzia jioni, akampokeza mwenzake, akajifunika na kusinzia. Waliokuwa macho hawakuwa watakatifu kuliko hao. Ilikuwa zamu yao. Na pengine nao saa ya kwanza walikuwa wanafikiri nani hajalipa deni lake la sufu, na masikio yao yanasikiliza kama kondoo wamebadilika sauti.

Nilizima tochi. Zaburi ya 62 ina mstari ambao niliusema nikiwa nimefumba mdomo, kwa kuwa meno yalikuwa yanagongana: "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya." Niliusema, nikasikiliza maji, nikausema. Sikuona kitu wala kusikia sauti. Niliwataja watu, mmoja mmoja, taratibu: mke wangu aliyebaki Dar kwa sababu ya zamu yake ya hospitali, wale soprano wawili, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa nini hawajalipa, mmoja mumewe hana kazi tangu Agosti na mimi ninajua, kijana wa maharage. Baba. Kwa baba nilikaa muda mrefu. Kulipopambazuka Kibo kilikuwa wazi chote, cheupe kisha cha waridi, na nilikuwa sijaandika neno hata moja.

Nyumbani mama alikuwa ameshawasha moto. Akanimiminia uji, akazitazama gambuti.

"Baba yako alikuwa na watoto tisa kwenye vyumba viwili," akasema. "Ulishawahi kumsikia akilalamikia zamu?"

Sikuwahi. Nakumbuka tulikuwa tunamwonea huruma, akitoka usiku na blanketi lake begani.

"Alikuwa anachukua hata za jirani," mama akasema, akaenda kukamua.

Jumanne, 24 Desemba, usiku

Ibada ya mkesha. Nimeimba besi. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa pili na kinanda kikafa, tukaendelea bila kinanda, mishumaa ikapitishwa kutoka benchi hadi benchi. Uliporudi watu walipiga makofi. Mimi ningeuacha.

Jumatano, 25 Desemba

Ndafu, kiburu, mbege kwa wazee na soda kwa watoto. Watu 41 kwa hesabu ya sahani. Spika ya mpwa wangu imeanza saa mbili asubuhi. Ajabu ni kwamba haikunikera kama Jumamosi. Nilikuwa na usingizi. Nimelala juu ya jamvi nyuma ya banda la ng'ombe saa mbili nzima, mdomo wazi, na nasikia nimepigwa picha na kuwekwa kwenye kundi la ukoo. Kabla ya hapo nilimpigia yule soprano. Sikumtaja sare. Tuliongea habari za mumewe.

Alhamisi, 26 Desemba

Kosa langu: nimesimulia. Jana usiku kwenye moto walinibana niseme kwa nini nimetulia, nikawaambia habari ya mfongo, ya perere, ya mwezi, ya kijana na shikamoo yake. Walicheka sana. Kisha wakanyamaza kidogo, na nikaona macho ya kaka yanafikiri.

Leo jioni mzee wa mfongo amepita. Kwa kuwa nyumba mbili zina harusi Jumamosi, zamu zimesogezwa, na maji ni yetu tena usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, baada ya kina kijana wa maharage. Hajamaliza kusema, kaka amesimama. Mgongo umepona. Anasema twende wote, wanaume wa nyumba, tuchome mahindi kule kule, shemeji abebe viti vya plastiki, na mpwa wangu tayari ameuliza kama spika inakaa na chaji usiku kucha.

Mama hakuinua macho kwenye maharage anayopembua. "Mfongo haulindwi na harusi," akasema. "Zamu ni ya mtu mmoja."

Ukazuka ubishi wa nani. Unaendelea hata sasa ninavyoandika, sebule nzima, wanataka kupiga kura. Sijachangia neno. Nimetoka kama mtu anayekwenda chooni, nimechukua tochi pale kwenye msumari nyuma ya mlango, na nimeificha chini ya godoro langu.